Mkono Ulionyamaza Chini ya Shuka

Ugonjwa huu ulinigharimu vidole viwili, fahali watatu, miaka minne ya utoto wa binti yangu, na rafiki mmoja aliyeniuliza swali nikamjibu na jibu halikufika. Nimehesabu tena, kama ilivyo tabia yangu, na hesabu ya pili imezidi ya kwanza: fahali walikuwa wanne. Wa nne aliuzwa nikiwa na homa nikamsahau. Rafiki ni yule yule mmoja. Vidole navyo bado viko hapa, vimejikunja kama wazee wawili wanaoota moto, lakini mtu akiniuliza kama ni vyangu nitamwambia namtunzia mwenyewe tu.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye kikombe kimemponyoka mara mbili wiki hii, na mara zote mbili amemlaumu aliyekiosha. Mimi si daktari. Ni dalali wa mifugo hapa Isiolo, na dalali hafundishi dawa. Ninachojua ni vile yalivyonipata.

Mimi ni Mmeru. Nilishuka kutoka milimani nikiwa kijana na magunia ya miraa, nikakuta huku chini watu wanauza ng'ombe kwa namna ambayo kwetu sikuwahi kuiona. Muuzaji na mnunuzi wanasimama bega kwa bega kama watu wanaongoja mvua, mmoja anatupa shuka juu ya mikono yao. Midomo inasema upuuzi: huyu ng'ombe ana kifua, huyu ng'ombe amemzidi mama yako umri. Bei inasemwa na mikono. Ukishika kidole kimoja cha mwenzako umesema kumi. Vitatu, thelathini. Mkono mzima, hamsini. Waliosimama karibu hawajui kitu, na uso wako hauruhusiwi kuwaambia. Unaangalia ng'ombe, au unaangalia vumbi. Mkono ukishakubali, mdomo haurudishi. Nilifundishwa na madalali Wasomali, karo nikailipa kwa hasara, mpaka nikawa Mmeru ambaye Wasomali na Waborana wanampa mkono bila kuuliza baba yake ni nani.

Wa kwanza kunipa mkono hivyo alikuwa Guyo, Mborana aliyechunga upande wa Gotu. Mrefu, mpole, na mtu wa kudharau ng'ombe wa wenzake kwa adabu kubwa. "Wewe Meru," aliniambia siku moja, "mkono yako nasema kweli. Mdomo yako ndio mwizi." Binti yangu Makena alipozaliwa, alileta mbuzi na kibuyu cha maziwa, na kuanzia hapo akaniita Baba Makena kama mtu wa kwetu. Nami nikamwita Baba Dida, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Vita vya Shifta vilipokuja, vya serikali na wale waliotaka kujitenga na Kenya, soko lilinyauka. Wanunuzi wa milimani waliogopa kushuka, wachungaji waliogopa kuja mjini, na wote pamoja walimwogopa mwenye bunduki bila kuuliza ni wa upande gani. Kafyu ilifunga mji kabla kuku hawajapanda kulala. Ukiona watu wawili wananong'ona sokoni, wa tatu alikuwa akisikiliza kwa niaba ya mtu. Siku zile, chini ya shuka ndipo mahali pa mwisho ambapo Mmeru na Mborana waliweza kuambiana ukweli mchana.

Na ndizo siku ambazo mkono wangu ulichagua kuniacha.

Ulianza na ganzi kwenye vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia, kama mtu aliyeulalia. Sikujali. Kisha kamba zikaanza kunitoka. Fahali mmoja aliichukua kamba mkononi mwangu kama mama anavyomnyang'anya mtoto kisu, polepole, bila hasira, akaenda zake. Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda, maana dalali akichekwa bila kucheka ameshajipunguza bei.

Halafu mfanyabiashara mmoja Msomali alikuja na kundi zima la kuuza. Mia kwa kila kichwa tulikuwa tumeshakubaliana. Tulikuwa tunapigania kinachozidi. Akanishika chini ya shuka, nikasikia vidole vitatu, nikakubali, shuka likatolewa.

"Mia na hamsini kila mmoja," akasema.

"Na thelathini."

"Ndugu yangu, nimekushika mkono mzima."

"Vitatu."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ya mfanyabiashara ni kitu cha kutisha. "Huo mkono ni wako," akasema, "mimi nilikuwa nimeuazima tu." Mkono ulikuwa umeshakubali. Pengo nililiziba mwenyewe kwa kuuza fahali wangu, na huyo ndiye wa kwanza.

Maneno yakaanza. Hakuna aliyefikiria ugonjwa. Walisema serikali sasa ni ya watu wa milimani, ndiyo maana Mmeru anashika watu kwa ncha za vidole. Mzee mmoja aliniambia mbele ya watu: "Zamani wewe nashika sisi kama ndugu. Sasa nashika kama nyoka." Ningemjibu nini? Kwamba pale pale alipokuwa akilalamika nilikuwa namshika kwa nguvu zangu zote?

Mwisho wa kiangazi habari zikaenea kwamba Waborana watahamishiwa kambini na mifugo yao. Wenyewe huuita wakati ule daba, kusimamishwa. Guyo alinikuta hotelini nikinywa chai kwa mikono miwili.

"Baba Makena, iko kitu nataka kuuliza," akasema, "lakini si hapa. Hapa hata kikombe iko na masikio."

"Basi uliza pale pa ng'ombe."

"Ndio. Kesho, chini ya shuka." Akainama kama anayetafuta kitu chini ya meza. "Iko ng'ombe sita ya maziwa. Ya Mama Dida. Ikienda kambi itakufa, kule nyasi hakuna. Ikikaa kwako, kwa jina yako, watu watasema ni ya Meru. Kesho mimi nashika mkono yako yote. Ukikubali, minya sana. Jioni naleta, kabla ya kafyu. Kama hapana, wacha mkono ikae tu. Mimi sitauliza tena, na sitakasirika. Hii ni hatari kwako."

Nikafungua mdomo nimjibu pale pale. Akaninyamazisha kwa kiganja. "Kesho. Hii ni kitu ya kulala nayo. Wewe uko na mke."

Mke wangu, Kanana, nilimweleza jioni ile akichambua maharagwe. Alijua kama mimi kwamba kupatikana na ng'ombe wa Mborana kwa jina la uongo kungeweza kutufikisha pabaya. Hakuacha hata kuchambua. "Tulikunywa maziwa yao Makena alipozaliwa," akasema. "Sasa tuseme hatuwajui?"

Asubuhi tukasimama bega kwa bega. Askari wawili walikuwa kando ya zizi. Guyo akatupa shuka.

"Hii ng'ombe nakohoa kama mwalimu," akasema kwa sauti.

"Anakohoa kwa sababu amesikia bei yako."

Watu wakacheka. Chini ya shuka, akanishika mkono mzima. Nikaminya. Nilikaza mpaka meno yakaniuma. Nilikaza kwa bega, kwa shingo, kwa tumbo, na macho yangu yakiwa kwenye vumbi kama desturi inavyotaka. Mkono wake ulikaa ndani ya wangu muda mrefu kuliko bei yoyote niliyowahi kuikata, halafu ukatoka taratibu.

"Haya," akasema.

"Haya," nikasema.

Akachukua fimbo yake akaenda, nami nikajisifu moyoni jinsi tulivyolipitisha jambo mbele ya askari.

Jioni nilifungua zizi nyuma ya nyumba yetu kule Chechelesi. Kanana alikuwa ameteka maji ya kutosha ng'ombe sita. Tulikaa tukisikiliza kwato. Kafyu ikaingia, na maji yakabaki ndani ya pipa.

"Labda amezuiwa njiani," Kanana akasema.

Kesho yake tukasikia kwamba alionekana akipita na ng'ombe wote sita kuelekea kambini, hakuzuiwa na mtu.

"Hakuniamini," nikasema. "Ameniona Mmeru kama Wameru wengine."

Nilimkasirikia Guyo miaka mitatu kwa kosa ambalo hakulifanya. Huko alikokuwa, yeye hakunikasirikia kwa kosa ambalo sikulifanya. Nimezipima hasira hizo mbili, yangu na ile ambayo hakuwa nayo, na sijapata namna ya kuiuza yangu kwa bei yoyote.

Mvua fupi zilikuja, mkono ukazidi. Nyama kati ya kidole gumba na cha shahada ilikauka mpaka pakawa na shimo la kutegea maji. Mama mmoja wa kukanda alinikanda kwa mafuta ya mkia wa kondoo akasema ni baridi. Dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, aliniuliza kazi yangu, nikamwambia, akasema nimeushughulisha mkono kupita kiasi. Na kwa kuwa soko lilikuwa limekufa na sikuwa na kazi yoyote, tulicheka wote wawili. Baka jeupe lililokuwa limenitokea begani, lisilowasha wala kuuma, sikumwonyesha, maana nilikuwa nimeenda kwa ajili ya mkono, na mtu hapeleki mbuzi mzima sokoni kuuza kwato. Shemeji yangu, kaka yake Kanana, alisema kuna mtu ameniendea kwa mganga. Mimi nilisema ni uzee, na sikuwa nimefika arobaini. Kila mtu alikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa rahisi.

Siku moja Kanana aliniuliza kutoka nje, "Unachoma nini?"

"Sichomi kitu."

"Nasikia harufu ya nyama."

Nilikuwa nimeshika sufuria jikoni, nimeishikia ukingoni niiteremshe. Nikatazama chini. Nyama ilikuwa mimi.

Sikusikia chochote. Hilo ndilo nataka ulikumbuke, wewe wa kikombe. Tulifundishwa kuogopa kinachouma, na mimi nilikaa nikingoja kiniume ndipo nikiogope.

Kanana aliufunga mkono kwa kitambaa cha kanga, akauza fahali wa pili, akaniweka kwenye lori la kupanda milimani kwenda hospitali ya misheni. Kwenye kizuizi cha barabara tulishushwa wote. Askari alituambia tunyooshe mikono na kupanua vidole. Vyangu viwili vilibaki vimejikunja.

"Fungua mkono!"

"Haufunguki, afande."

"Umeficha nini?"

"Ningekuwa na kitu cha kuficha, afande, nisingekiweka mahali pa kwanza unapotafuta."

Hakuona kichekesho. Alivishika vidole vyangu akavifungua mwenyewe kimoja kimoja, na kitambaa kikateleza, akaona kidonda. Aliuachia mkono wangu kwa haraka, akajipangusa kwenye suruali yake, akajipangusa tena. "Panda," akasema, akitazama pembeni. Ndani ya lori, mama aliyekuwa ameketi karibu nami alikuta nafasi upande ule mwingine.

Nilimwelewa askari kabla daktari hajanieleza. Watu hujua ugonjwa huu kwa ngozi yao kabla ya kuujua kwa jina.

Hospitalini kulikuwa na benchi refu barazani, na desturi ya benchi ni kusogea. Kila anayeitwa, waliobaki wanasogea nafasi moja. Niliona kwamba mahali fulani katikati watu waliacha kunisogelea; pengo lilikuwa linasafiri nami kuelekea mlangoni, kama kivuli. Mzee mmoja Mturkana peke yake ndiye aliyelijaza. Aliketi, akanionyesha mikono yake, ambayo vidole vyake vilikuwa vimebaki vifupi, akaniuliza, "Meru, wewe nakuja nunua hii ugonjwa yetu kwa bei gani?"

"Bado sijaambiwa bei."

"Usikubali ya kwanza," akasema.

Jina lake Ekai. Alikuwa amekuja kuchukua dawa, na nilipolazwa alikuwa jirani yangu wa kitanda.

Daktari hakuanza na mkono. Alinivua shati, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanipapasa nyuma ya kiwiko, ambapo mshipa ulikuwa umenenepa kama kamba ya kufungia ndama. Nilimtambua mtu wa kazi yangu: hivyo ndivyo nami ninavyompapasa fahali ambaye mwenyewe anamsifu sana. Kisha akaniambia nifumbe macho. Atanigusa na pamba, na kila akinigusa niseme.

Nikafumba. Nikangoja. Nje kulikuwa na mtu anafyeka majani.

"Anza basi, daktari," nikasema.

"Nimemaliza," akasema.

Aliponitajia ukoma, nilifanya kile ambacho mdomo wangu umezoea. Nilimwambia, "Daktari, punguza."

Hakucheka, na namshukuru. Alisema hawezi kupunguza, ila vidonge vipo, havilipiwi, nitameza miaka, na nikimeza sitamwambukiza mtu. Mkono utakaa kama ulivyo au utapata nafuu kidogo. Ningekuja mapema ungepona zaidi. Kitu cha bure kikimfikia dalali, anajua kimeshalipiwa mahali pengine.

Nililazwa mvua ndefu zikianza. Vidonge nilianzishiwa nusu, kisha kimoja, na kila Jumatatu muuguzi alitupanga mstari akituangalia tukimeza na kufungua midomo kama ndama. Mwezi wa tatu wa vidonge ukaja wakati mbaya, homa na maumivu ya mshipa ule wa kiwiko, maumivu ambayo sikudhani mkono uliokufa unaweza kuyapata. Walinifunga plasta kutoka kwapani hadi vidoleni. Nililia, na Ekai akaniambia nilie kwa Kimeru, maana kwa Kiswahili nilikuwa namharibia usingizi kwa kuelewa.

Kanana alikuja mara mbili tu, kwa sababu ya barabara. Mara ya kwanza alikuja na nauli ya fahali wa tatu. Aliketi kitandani pangu, si kwenye kiti cha wageni, na hilo wodi nzima ililiona. Kisha akaniambia aliyokuja kuniambia.

"Mama amemchukua Makena."

"Kumchukua wapi?"

"Kwake. Alikuja na kaka. Walisema mimi ni mtu mzima, nikitaka kukaa nikae, lakini mtoto hakuchagua."

"Daktari amesema nikimeza..."

"Niliwaambia. Mama akaniuliza daktari huyo amemlaza mwanawe wapi."

"Ukasema nini?"

"Nilimfunga mtoto viatu," akasema. Hapo ndipo alipoinamisha kichwa kwenye blanketi langu, juu ya ule mkono wa plasta, na sikuweza kumsikia kama ni mzito au mwepesi.

Nilirudi Isiolo baada ya kiangazi kupita na mvua fupi kukatika. Vidonge nilipewa vya kubeba, na kila miezi mitatu nilirudi kuchukua vingine. Nitakuambia yaliyonisaidia, ambayo hayako kwenye chupa. Kuloweka mkono kwenye maji asubuhi na jioni, kuupaka mafuta, kisha kuuweka juu ya paja na kuvinyoosha vidole kwa mkono mwingine hata kama vinakupinga. Kufunga kitambaa kwenye kila mpini wa sufuria. Na kukaguliwa. Kila jioni, kabla ya chakula, Kanana husema neno moja tu, "Lete," nami nampa mikono yote miwili, naye huigeuza kwenye taa akitafuta kidonda ambacho mwenyewe siwezi kukisikia. Kama huna wa kukuambia lete, tafuta jirani, tafuta mtoto wa shule, tafuta hata adui mwenye macho mazuri.

Makena alirudi akiwa na miaka saba. Watoto wa hapa wakimsalimu mtu mzima huinamisha kichwa ili aguswe utosini. Alisimama mlangoni na sanduku lake, akanisalimu kwa mdomo, na kichwa akakishikilia wima kama anayebeba maji. Nyanya yake alimfundisha vizuri. Siku hizi anainamisha. Anafumba macho, anabana pumzi, lakini anainamisha, nami humgusa kwa kiganja cha kushoto, haraka, nisimchoshe.

Sasa nifike kwa Guyo.

Vita vilipokwisha na watu wakaachiwa kutoka kambini, akina mama wa Kiborana walianza tena kuleta maziwa mjini, kidogo, maana wanyama walikuwa wamekwisha. Siku moja nilimwona Mama Dida, mke wa Guyo, ameketi na kibuyu kimoja. Alikuwa amekonda. Nikachuchumaa mbele yake.

"Salaam aleikum, Mama Dida."

"Aleikum salaam." Hakuinua macho.

"Baba Dida yuko?"

"Yuko. Mungu ameacha yeye. Iko upande ya Kinna, nalimia watu mahindi."

Guyo na jembe. Sikuweza kuliona kichwani. "Na ng'ombe wale sita?"

Hapo akanitazama. "Ile sita ilikufa kambi, moja moja. Ya mwisho ilikufa na ndama ndani. Kwa nini nauliza? Wewe si ulikataa."

"Mimi? Mimi nilikubali! Nilimminya!"

"Alisema hapana. Alisema, Mama Dida, nimeshika mkono ya Baba Makena, imelala tu kama ya maiti. Alisema, usichukie yeye, ako na mke, ako na mtoto, ni haki yake."

"Nilimminya kwa nguvu zote. Nilifungua zizi. Uliza Kanana, tuliteka maji..."

"Uliminya na nini?"

Nikautoa mkono wa kulia chini ya koti, ambapo huuweka nikiwa sokoni, nikauweka mbele yake juu ya kile kitambaa chake cha maziwa. Aliutazama muda mrefu. Hakuugusa, wala hakujivuta. Sikuhitaji kumwambia jina. Alikuwa na macho.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu wakati ule. Sikujua."

Alifunika uso kwa mtandio wake. Nilifikiri analia juu ya ng'ombe, na labda alikuwa akilia juu yao. Alipofunua uso aliniambia kitu ambacho sijakilalia vizuri hadi leo.

"Usimwambie. Nakuomba, Baba Makena. Yeye hii kitu ameshaweka chini. Nasema Mungu alipanga, Meru alikuwa na haki. Akijua wewe ulikubali, atasema: mimi ningeuliza na mdomo, mara moja tu, watoto yangu ingekunywa maziwa. Atakula hiyo maneno mpaka afe."

Walizika mtoto kule kambini. Nilijua hilo kutoka kwa wengine. Yeye hakulitaja, nami sikuuliza.

Nilinunua maziwa yote. Sikukata bei. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu.

Ningeyaacha hapo, kama alivyoniomba, na ningebaki mtu aliyekataa. Jina hilo naliweza. Nimebebeshwa mabaya zaidi kwenye benchi la baraza. Lakini wiki iliyopita mtu wa Kinna aliniletea salamu kutoka kwa Guyo mwenyewe. Amepata mbuzi wanne, malipo ya kulima. Anawaleta soko lijalo, na anataka mimi niwe dalali wake kama zamani. Amesema, "Mwambie Baba Makena mimi sina kitu kwa roho. Mwambie alete shuka yake."

Kwa hiyo atakuja, atasimama begani pangu, atatupa shuka, na atatia mkono wake kwenye huu. Si mjinga. Atakuta vidole viwili vimejikunja na nyama imekwisha, na atakumbuka siku ile, na hesabu ataimaliza peke yake akitazama vumbi. Mkono wangu wa kushoto ni mzima, lakini kwa kushoto humpi mtu kama yule salamu wala bei. Naweza kujifanya mgonjwa siku hiyo, nisiende, naye atasema Mmeru amemkataa mara ya pili, na safari hii itakuwa kweli. Naweza kwenda kumlaki njiani kabla ya soko nimwambie yote kwa mdomo, na kuvunja ombi la mama aliyezika. Kanana anasema nimwambie. Kisha anasema nisimwambie. Yeye hajawahi kuhesabu kitu mara mbili, na hili amelihesabu kila jioni akikagua mikono yangu.

Nimeulizia bei ya kila kitu mjini humu na sijui ya hili. Nyinyi mliougua mkononi, nyinyi mliozika watoto kambini, yeyote kati yenu aliyewahi kusimama upande mmoja au mwingine wa shuka, nishaurini kabla ya siku ya soko. Kama wewe ndiwe Guyo, na umeshaweka chini, ungetaka kujua kwamba nilikubali?